Aliyeonekana kwa Mama Tyson

Felix Mabonga alikuwa dereva wa basi katika shule moja ya msingi ya kibinafsi hapa Eldoret, shule ndogo yenye mabasi mawili na ua wa kayaba, ile miti ya miiba, unaohitaji kukatwa kila mara. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya chini. Nilikaa naye benchi moja katika kanisa la Friends kule mtaa wa Pioneer kwa miaka mingi, na sikuwahi kumwona akigusa pombe, hata busaa ya matanga ambayo wazee wetu wengine huionja kwa heshima ya marehemu. Haya ninayoeleza niliyapata kwake na kwa mkewe, Musimbi. Wote wawili waliniruhusu niyaseme.

Musimbi ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya pili katika kwaya yetu. Alikuwa na ushonaji wake mdogo pale nyumbani, cherehani moja karibu na dirisha, na mara nyingi ungepita njiani ukasikia wimbo wa Jumapili ijayo kabla haujafika kanisani. Watoto wao wawili walikuwa wakubwa, mmoja ameolewa Webuye, mwingine yuko Mombasa kwa kazi. Nyumba ilibaki na watu wawili waliozoeana, wasio na maneno mengi.

Ugonjwa ulianza msimu wa mvua, mwaka juzi. Hakukuwa na msiba wala ugomvi wala kitu chochote ambacho mtu angekinyooshea kidole. Asubuhi moja Musimbi alimwambia mumewe kwamba kuna kwaya inaimba kule bondeni karibu na mto, na wanaimba bila yeye. Mabonga alisikiliza. Alisikia jogoo, na pikipiki za watu wa boda boda wakienda stejini. Akamwambia hakuna mtu anayeimba. Musimbi alimtazama kwa muda, jinsi unavyomtazama mtu wa karibu anayekudanganya bila sababu, kisha akaenda kuwasha jiko.

Siku chache baadaye Mabonga aliamka alfajiri akakuta nusu ya kitanda ni tupu na mlango uko wazi. Alimpata kwenye njia ya bondeni, na leso mabegani, miguu mitupu, akitembea haraka kama mtu aliyechelewa ibada. Alipomshika mkono, Musimbi aliutoa polepole akamwuliza, "Wewe ni nani?"

Baada ya jua kuchomoza alimjua tena. Alikaa kitandani akatazama matope kwenye miguu yake, na akili yake ilikuwa safi kabisa. Hapo ndipo alipomwomba ahadi.

"Mama yangu mdogo kule Vihiga walimfunga kamba kwenye mti wa parachichi," alisema. "Kamba ilifunguliwa. Maneno hayakufunguliwa. Mpaka anazikwa, watu walimwita yule wa kamba. Felix, usinipeleke kwa midomo ya watu."

"Twende basi hospitali."

"Hospitali pia ina watu."

Mabonga aliahidi. Alidhani ni jambo la wiki moja au mbili, litapita na mvua. Mvua ilipita, na sauti zilibaki. Musimbi alikuwa na siku nyingi nzuri, siku za kushona na kuchambua mboga na kuuliza habari za watu, halafu ghafla alfajiri moja anatoka. Mabonga hakutaka kumfungia kwa kufuli, kwa sababu ya ile hadithi ya kamba, basi alianza kulala kwenye godoro dogo mlangoni, na huko kulala kwenyewe kukawa kama kukaa macho. Kanisani alisema mkewe ana pumu na baridi ya asubuhi inamsumbua. Sisi tuliamini. Tulimwombea pumu.

Sasa, huko bondeni kuna mama mmoja anayepika chang'aa, watu humwita Mama Tyson kwa jina la kifungua mimba wake. Moto wake huwaka tangu alfajiri. Siku moja Musimbi alimponyoka mumewe, na Mabonga alipozunguka kwa muda mrefu bila kumwona, alisikia sauti anayoijua ikitoka nyuma ya mabati ya Mama Tyson. Aliingia. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya moto, kati ya mapipa na harufu ya machicha, akiimba sauti ya pili ya wimbo ambao wengine wote hawakuwepo kuuimba. Amefunikwa blanketi lisilo lake.

"Nilimwona anaelekea mtoni," Mama Tyson alimwambia. "Nikamwita aje aote moto. Hajanisumbua. Ni bibi yako?"

"Ni bibi yangu."

"Basi usiogope. Anaimba vizuri."

Tatizo ni kwamba katika hali ile Musimbi hakukubali kutembea na mwanamume asiyemjua. Mama Tyson ndiye alimshika mkono akampitisha kwa njia ya nyuma, katikati ya mahindi, mpaka nyumbani. Mabonga akatokea mbele, upande wa barabara, peke yake, koti limejaa moshi na ile harufu, macho mekundu. Ilibidi akimbie kuchukua basi.

Jambo hilo lilitokea tena, na tena. Musimbi alipotoka, miguu yake ilizoea kuelekea kwenye ule moto, na Mabonga alishukuru, kwa sababu mto ulikuwa mbele kidogo tu. Alfajiri mojawapo, alipokuwa akitoka pale akijifuta uso kwa mkono wa koti, alikutana na Simeon.

Simeon alikuwa mkuu wa shamba na uwanja pale shuleni, mtu wa kazi nzuri na mdomo mwepesi. Alimsalimu tu Mabonga, akamtazama koti, akaendelea na njia yake.

Kufikia saa ya chai habari ilikuwa imefika jikoni. Wangeci, mpishi, alikuwa amefanya kazi na Mabonga kwa miaka na kila siku alimwekea chapati mbili kando. Alipoambiwa alikataa kwanza. Simeon akamwambia, nimemwona kwa macho yangu, si mara moja. Basi Wangeci akasema lile neno ambalo watu husema wanapochoka kukataa: lisemwalo lipo. Kutoka jikoni maneno yalienda kwa walimu, na kutoka kwa walimu yakafika kwa wazazi. Hakuna aliyemwuliza Mabonga. Chapati zake ziliendelea kuwekwa, lakini sasa alizikuta mezani, Wangeci amegeukia sufuria.

Mabonga alijua. Mtu husemwa akajua, hata kama hakusikia neno. Alipoingia ofisi ya walimu kuchukua funguo, mazungumzo yalikatika, halafu mtu akaanza kusema habari za mvua. Mama mmoja kule Elgon View, ambaye siku zote alimpungia mkono kutoka getini, asubuhi moja alikuja mpaka kwenye dirisha la basi, akamsalimu kwa karibu kuliko ilivyo desturi, na Mabonga akaona mabega yake yakiinuka akivuta pumzi. Alikuwa anamnusa.

"Niliona afadhali angenitukana," aliniambia baadaye.

Mwalimu mkuu wa wakati huo, Mwalimu Jackson, alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Maneno yalipomfikia aliyafukuza kama nzi. Mabonga hanywi, alisema, na ikawa hivyo. Lakini Januari Mwalimu Jackson akaenda kwake Sugoi kulima, na akaja mwalimu mkuu mpya.

Huyu alikuwa Madam Chepkoech, mwanamke wa miaka kama arobaini, aliyetoka kufundisha upande wa Kesses. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo wala wa kugomba. Wiki ya kwanza alizunguka tu, akatazama vyoo, jikoni, magurudumu ya mabasi, akauliza majina ya watu na kuyakumbuka. Bosi mpya akija, kila mtu hutafuta kitu cha kumpelekea. Wangeci alimpelekea chai. Simeon alimpelekea Mabonga.

Aliitwa ofisini baada ya kuwashusha watoto wa asubuhi. Madam alimwomba aketi, akafunga mlango mwenyewe.

"Mzee Mabonga, mimi nimefika juzi tu," alisema. "Nimekuta maneno. Singependa kuanza kazi na maneno ya watu, lakini haya yana watoto ndani."

"Ndio, Madam."

"Wewe hunywa?"

"Sinywi."

"Ulionekana ukitoka mahali wanapika chang'aa, alfajiri, kabla ya kuchukua basi. Ni uongo?"

Mabonga alitazama mikono yake. "Si uongo. Nilitoka huko."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Mabonga aliniambia kwamba jibu lilikuwa pale kwenye ulimi, fupi kabisa, na lingemwosha mara moja. Lakini halikuwa lake.

"Siwezi kusema, Madam. Si kwamba nimekataa kukujibu. Kuna mtu mwingine ndani yake. Lazima nimwulize kwanza."

Mtu mwingine angeona hilo ni ujanja, na pengine Madam Chepkoech naye aliliona hivyo kidogo. "Nikikuachia gari leo, na kitu kitokee," alisema, "nitawaambia nini wazazi? Kwamba uliniambia kuna mtu wa kuulizwa?"

"Ni kweli, Madam. Huwezi."

"Basi acha funguo hapa. Nenda ukaulize. Kesho uje."

Aliweka funguo mezani. Alipita mbele ya jikoni akienda nyumbani saa tatu ya asubuhi, na kila mtu alimwona mikono mitupu.

Musimbi alikuwa katika siku nzuri. Alikuwa ameketi nje juani na sinia ya maharagwe magotini, akitoa mawe. Alipomwona mumewe amerudi saa hiyo alijua kuna jambo. Mabonga aliketi kwenye jiwe la kufulia akamweleza yote, ya Simeon, ya mama wa Elgon View, ya bosi mpya. Alikuwa amemficha hayo kwa miezi. Musimbi aliendelea kuchambua maharagwe, polepole, mpaka mikono ikasimama.

"Kwa hivyo wewe ndiye umekuwa kwa midomo ya watu," alisema. "Mahali pangu."

"Si kitu."

"Ni kitu. Huyo mwalimu ni mtu wa namna gani?"

"Simjui. Anauliza vizuri."

"Atasema kwa wengine?"

"Simjui, Musimbi."

Kulikuwa na kuku wa jirani wakiparura kando ya ukuta. Musimbi aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwambie. Lakini niambie mimi kwanza. Nataka kusikia utaniweka vipi."

Mabonga hakuelewa.

"Jifanye mimi ndiye huyo madam. Sema."

Akakohoa. Aliona aibu, kama kijana anayefundishwa kuposa. "Madam, mke wangu ni mgonjwa."

"Hapana. Mgonjwa wa nini? Ataanza kujaza mwenyewe. Sema vile iko."

"Mke wangu… kichwa chake…"

"Kichwa changu kimefanya nini?"

Mabonga akasema, "Mke wangu husikia watu wakiimba. Hawako, lakini yeye huwasikia. Siku nyingine hutoka alfajiri akawafuata."

"Endelea."

"Na mimi humfuata yeye. Mara nyingi humkuta kwa Mama Tyson, ameketi kwa moto. Huyo mama humtunza, humrudisha nyumbani. Hapo ndipo nilipoonekana."

Musimbi aliinamisha kichwa. Machozi yake yalianguka kwenye maharagwe na hakuyafuta. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jambo lake likisemwa kwa sauti ya mtu mwingine, na baadaye aliniambia kwamba lilikuwa dogo kuliko alivyofikiria. Kubwa, lakini dogo kuliko alivyofikiria.

"Hujamaliza," alisema. "Mwambie hulali."

"Hiyo nitaacha."

"Felix, hiyo usiache. Hiyo ndiyo ya watoto."

"Nikisema hiyo nitapoteza gari."

"Najua," Musimbi alisema. "Mimi ndiye naona vile unaendesha uji kwenda mdomoni ukiwa umefunga macho."

Kesho yake alivaa shati lake la kanisani akaenda. Alimweleza Madam Chepkoech kwa maneno yale yale ambayo mkewe alikuwa ameyasikia na kuyakubali, hakuongeza wala hakupunguza. Alipofika mwisho alisimama aondoke. Kisha akaketi tena akasema lile la mwisho. Kwamba tangu ile mvua ugonjwa ulipoanza hajui usingizi wa kweli. Kwamba muhula uliopita, kwenye makutano ya barabara kuu, akiwa amesimama kungoja lori lipite na watoto wako nyuma wanaimba, alifumba macho, na alipofumbua lori lilikuwa limepita zamani na magari nyuma yake yanapiga honi. Hakuna aliyejua. Watoto walidhani amewangojea wamalize wimbo.

Madam Chepkoech alisikiliza mpaka mwisho. Kalamu aliyokuwa nayo mkononi aliiweka chini.

"Pole," alisema. "Mimi huu ugonjwa siujui, na sitajifanya naujua."

"Asante, Madam."

"Nimeamini hunywi. Niliamini kidogo hata jana, kwa sababu mlevi huwa na jibu tayari. Lakini umeniambia pia kwamba hulali. Mzee Mabonga, umenisaidia kwa kusema, na kwa sababu umesema, siwezi kukurudishia gari."

Mabonga alikubali kwa kichwa. Alikuwa amelijua, lakini kujua na kusikia ni vitu viwili.

"Unanifuta kazi?"

"Sikufuti. Utakuwa shambani na ukarabati mpaka uanze kulala usiku. Mshahara ni ule ule, hilo nitalitetea mimi. Kila Alhamisi hutakuja kazini. Alhamisi utampeleka mama hospitali, kuna kliniki ya watu wa hali hiyo pale mjini, nitauliza mlango ni upi." Kisha akauliza, "Niwaambie wafanyakazi wengine? Nikisema hukuwa unakunywa, watataka kujua ulikuwa unafanya nini."

"Usiwaambie."

"Watakuona umenyang'anywa gari. Watasema ni kweli."

"Watasema, Madam."

"Utaweza?"

"Sijui," Mabonga alisema. "Lakini hayo ni yangu. Yale mengine ni yake."

Hivyo ndivyo Mabonga alivyoanza kulima sukuma wiki chini ya Simeon. Asubuhi ya kwanza, Simeon alimpa jembe, akamwekea mkono begani kwa huruma ya kweli, akamwambia, "Pole, mzee. Pombe ni shetani. Mungu atakusaidia uache." Mabonga alishika jembe. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuna kitu alichowahi kukibeba kizito kuliko ule mkono. Angesema neno moja tu, Simeon angeutoa. Akasema, "Asante," akaanza kulima.

Dereva mpya akaja, kijana aitwaye Walubengo, na basi likapita kila asubuhi mbele ya shamba. Watoto walimpungia Mabonga, wakamwita Uncle kupitia madirishani. Wengine waliacha baada ya muda. Nadhani waliambiwa nyumbani. Jikoni maneno yalipata nguvu, kwa sababu sasa yalikuwa na ushahidi. Madam alipopita watu walimsifu kwamba amesafisha shule. Alikuwa akiwaambia, "Fanyeni kazi yenu," na hakuongeza neno. Wao walidhani ni unyenyekevu.

Musimbi naye hakwenda kliniki kwa urahisi. Alhamisi ya kwanza walifika mpaka getini akageuka. Ya pili waliingia, wakakaa kwenye benchi na watu wengine, na Musimbi akaona kwamba ni watu tu, mwalimu mmoja, msichana wa chuo, mzee wa Kikalenjin aliyekuja na binti yake. Daktari alimpa dawa. Zile dawa zilimfanya mzito. Mikono ilitetemeka hata asiweze kuingiza uzi kwenye sindano, akanenepa, akalala mchana. Zikabadilishwa. Polepole sauti zikaenda mbali, kama watu waliovuka mto wakaendelea na safari yao.

Nilimwuliza kama alifurahi.

"Kumekuwa kimya sana," alisema. "Hamjui vile walikuwa wanaimba."

Mabonga alirudi kitandani. Usiku wa kwanza aliolala mpaka asubuhi, aliamka akiwa na hofu, akaruka kwenda mlangoni, akamkuta Musimbi ameketi nje na kikombe cha chai, anamtazama. Hakuwa amekwenda popote. Mabonga aliketi kizingitini pale pale.

Ilikuwa muhula wa pili, mwezi wa Juni, Musimbi alipokuja shuleni. Hakumwambia mumewe. Alivaa gauni lake la kwaya, akapanda boda boda mpaka getini, akaomba kumwona mwalimu mkuu ili amshukuru. Walikaa ofisini kidogo. Alipotoka, badala ya kuelekea getini, alifuata moshi wa jikoni. Ilikuwa saa ya chai ya wafanyakazi. Wangeci alikuwa akipakua, Simeon na wengine wameketi kwenye mabenchi. Mabonga alikuwa upande wa pili wa shule, juu ya ngazi, akibadilisha bati.

"Hamjambo," Musimbi alisema kutoka mlangoni. "Mimi ni Musimbi, bibi ya Mabonga."

Walimkaribisha. Mtu akasogea ampe nafasi. Yeye hakukaa.

"Nilisikia Mabonga alionekana kwa Mama Tyson," alisema. "Ni kweli alikuwa huko. Alikuwa amenifuata mimi. Nilikuwa mgonjwa wa akili, nikitoka nyumbani bila kujua ninakoenda, na huyo mama alikuwa ananiweka kwa moto nisiingie mtoni. Mabonga alikuja kunichukua. Ile harufu mlisikia, ilikuwa ya huko. Hajawahi kunywa. Nilimkataza asiwaambie, ndiyo sababu hakuwaambia. Ni hayo tu. Nimekuja niyaseme mwenyewe."

Wangeci alikuwa na upawa mkononi, na chai ikawa inadondoka sakafuni. Mwishowe aliuweka, akajipangusa mikono, akamletea Musimbi kikombe. Alimpa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwe. Musimbi alikipokea, akanywa akiwa amesimama. Alipomaliza alishukuru, akaondoka.

Wangeci alimfuata Mabonga mpaka kule kwenye ngazi. Alisimama chini akimtazama juu. "Bibi yako alikuwa hapa," alisema. "Ametuambia. Kwa nini ulikubali tukuseme miezi hiyo yote?"

Mabonga alikuwa na misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja. "Ningefanya nini, Wangeci?" alisema. Haikuwa kwa hasira. Alikuwa anauliza.

Simeon hakuomba msamaha. Kwa siku kadhaa alimpa Mabonga kazi nyepesi na hakumtazama usoni. Halafu ua wa kayaba ulipohitaji kukatwa, kazi ya miiba ambayo kila mtu huikimbia, aliikata mwenyewe peke yake kutoka getini mpaka chooni, akatoka mikono imejaa damu. Mabonga aliona. Hawajawahi kulizungumza.

Ningependa kusema maneno yalikwisha, lakini hayakwisha, yalibadilisha mtu. Sasa ikasemwa kwamba mke wa dereva ni wazimu. Muhula wa tatu Madam Chepkoech alipomrudishia Mabonga basi, kwanza la jioni, kisha na la asubuhi, wazazi wawili waliwatoa watoto wao wakawatafutia boda boda. Mmoja alifika ofisini akasema ugonjwa kama huo huambukiza nyumba nzima. Madam alimsikiliza, akamwambia kwamba dereva wake analala, na hilo ndilo alilohitaji kujua, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kanisani kwetu pia kuna waliohama benchi. Sisi tulioombea pumu tulitazamana, tukaona haya.

Mabonga aliumia kwa hayo kuliko yale ya kwanza. Jioni moja alimwambia Musimbi kwamba anajuta, kwamba afadhali wangeendelea kumwita yeye mlevi. Musimbi alikuwa anapinda gauni la mtu. Mikono yake ilikuwa imetulia kiasi cha kushika sindano tena.

"Waache," alisema. "Hayo yao nimeyasikia, na bado nimekaa hapa."

Hajarudi kwenye kwaya. Huketi nyuma, karibu na mlango, na nyimbo zikianza hufunga macho, midomo imetulia. Dawa anakunywa. Bado kuna alfajiri moja moja, hasa mvua ikiwa karibu, anapoamka na kusikia kitu kutoka bondeni. Zamani angetoka peke yake. Siku hizi humgusa Mabonga begani, humwambia, "Wameanza." Mabonga huvaa viatu, humpa koti, na wawili hao hushuka njia ile mpaka mahali ambapo Musimbi husimama, husikiliza, na kusema basi, turudi. Mama Tyson akiwaona huwapungia kutoka kwenye moto wake. Kisha Mabonga hunawa uso, huchukua basi, na huanza mzunguko wake kwa nyumba ya kwanza pale Pioneer.